Kiatu Kilichosafisha Msasa

Harufu ya mpira unaoungua inaweza kunisimamisha barabarani hata nikiwa na haraka zangu. Sisemi mpira wa tairi, huo unanuka ubaya mtupu. Nasema mpira mbichi, ule wa rangi ya asali uliokuwa ukiwekwa chini ya viatu vya zamani, pale unaposuguliwa kwenye kitu kinachozunguka kwa kasi. Hunuka kama sukari iliyosahauliwa jikoni, na nyuma yake kunakuja vumbi la mbao. Juzi nilikuwa napita nyuma ya maduka ya Mabatini, nikaipata. Nikasimama katikati ya njia na mfuko wangu wa dagaa, watu wakawa wananizunguka kama jiwe, mpaka kijana mmoja akaniuliza, "Dada, umepotea?"

Nilimwambia hapana. Lakini ukweli ni kwamba kwa dakika hiyo sikuwa pale. Nilikuwa kwenye karakana ya baba, mtoto wa darasa la tatu hivi, na mbele yangu amesimama mama mmoja ameshika kiatu cha mwanaume.

Baba yangu alikuwa fundi seremala, mtu wa Misungwi, mrefu, mwenye maneno machache na kikohozi kingi. Ujana wake wote alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao cha serikali. Kiwanda kilipofungwa, wenzake wengine walirudi kulima, wengine wakafungua vibanda, maana ndiyo miaka ile tuliyoambiwa kila mtu sasa yuko huru kufanya biashara. Baba alirudi nyumbani akakaa wiki nzima, halafu akaanza kuunda mashine. Alipata bomba nene la chuma, akalichonga likawa rola. Mota aliinunua kwenye mnada wa kiwanda cha pamba kilichokufa. Rola alilifunika kwa bati, chini yake akaweka meza ya chuma. Msasa mrefu ulizungushwa kwenye rola kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kama bendeji kwenye mguu, na ubao ulisukumwa upande huu ukatokea upande wa pili umelainika. Majirani walikuja kutazama. Mimi nilikuwa naamini kabisa kwamba mashine ile ikiongezwa mabawa ingeruka hadi ng'ambo ya ziwa, na nilishachagua nitakapokaa.

Mashine ilikuwa yake, lakini mfalme wa karakana alikuwa msasa. Siku hizo madukani iliingia misasa ya kila rangi kutoka kila nchi, mwekundu, wa kijani, wa kahawia, na mingi ilikuwa mizuri ya kutazama tu. Baba alikuwa akinichukua alipokwenda kununua. Alikuwa anakunja kipande karibu na sikio, anasikiliza. Msasa mzuri, alisema, unalia kama ganda kavu la hindi. Kisha anachukua vipande viwili, anavisugua uso kwa uso, na kile kinachomwaga mchanga juu ya kiatu chake anakirudisha. Alipendelea wenye mgongo wa kitambaa, kwa sababu wa karatasi ukipata unyevu wa ziwa asubuhi unalegea kwenye rola na kupasuka. Tulikaa dukani muda mrefu mno. Mwenye duka alikuwa akimwambia, "Fundi, unanunua au unachumbia?" Baba anajibu, "Nachumbia. Nikishaoa siwezi kukurudishia."

Msasa uliochaguliwa haukulala karakanani. Ulining'inizwa chumbani kwao, juu ya kitanda, mbali na unyevu. Mama alilalamika kwamba katika nyumba ile msasa unalala pakavu kuliko yeye, ambaye bati la upande wake lilikuwa linavuja.

Na ulikuwa na namba, kama watoto wa shule. Namba ndogo ndiyo yenye meno: sitini inakwangua, themanini inasawazisha, mia na ishirini inalainisha. Hairuhusiwi kuruka darasa. Ukitoka sitini ukaenda moja kwa moja mia na ishirini, ubao utakudanganya kwamba uko laini, halafu ukipaka vanishi mikwaruzo yote inaamka. Mimi niliishia darasa la saba. Msasa wa baba ulifika mia mbili na arobaini, na baba alikuwa akinitania kwamba umenizidi elimu.

Kazi yangu, baada ya shule, ilikuwa kusafisha msasa. Ubao ukishapita mara kadhaa, vumbi na utomvu hujaza meno ya msasa, na pale palipojaa huacha mstari mweusi wa kuungua kwenye ubao. Tulichotumia ni soli ya mpira mbichi. Baba anafungua kifuniko cha bati, anawasha, mimi nagusisha soli kwenye rola linalozunguka, naisogeza polepole kutoka kushoto kwenda kulia, na ule mpira unanyofoa uchafu kama mtu anayeokota mawe kwenye mchele. Wengine waliita raba, baba aliita "laba", maana ulimi wake wa Kisukuma na herufi "r" hawakuwahi kupatana. "Kabula, laba iko wapi?" Mafundi viatu walikuwa wananiwekea soli zao mbovu. Na kazi nyingine niliyopewa ilikuwa ya shavu. Viganja vya baba vilikuwa vigumu, havikuwa vinasikia tena kitu. Kwa hiyo ubao ukimalizika, mimi ndiye niliyelaza shavu juu yake nikautelezesha uso mpaka mwisho. Nikisema bado, unarudi kwenye mashine. Sijawahi tena kuwa na cheo kikubwa kama kile.

Baba alitengeneza vitanda, milango, makabati, lakini miaka ile kilichotoka zaidi ni majeneza. Watu walikuwa wanakufa. Ugonjwa ulikuwepo na haukutajwa jina. Watu walisema tu "ameugua muda mrefu" wakatazama pembeni. Barabarani walikuwa wamejitokeza mafundi wengi wa majeneza ya haraka, yanayong'aa vanishi nje na ndani yakiwa na vibanzi kama mgongo wa samaki. Baba alikuwa na desturi yake ambayo wenzake waliicheka: alipiga msasa ndani kwanza, wakati meno ya msasa bado makali, halafu ndiyo nje. Alipoulizwa sababu alisema, "Nikianza nje nimemtengenezea anayetazama."

Siku ninayoisema ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo nilikuwepo tangu asubuhi. Walikuja watu wawili. Mwanaume mnene mwenye koti, na mama mwembamba aliyejifunga kitenge kiunoni, amebeba mfuko wa nguo mikononi kama anavyobebwa mtoto.

"Shikamoo," nikawaamkia.

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu. Mwanaume hakunisikia. Alikuwa anatazama saa.

Alikuwa shemeji yake. Kaka yake, yaani mume wa yule mama, amefariki juzi hospitalini, na mwili unatakiwa usafiri na meli ya usiku kwenda Bukoba, kwao, kuna ndugu wanasubiri na kaburi limechimbwa. Jeneza liwe tayari alasiri. Baba akahesabu kichwani, akamtazama Masanja, kijana wake wa kazi, akasema itawezekana kama umeme hautakatika. Umeme ulikuwa wa mgao. Siku hiyo zamu yetu ya giza ilikuwa inaanza alasiri hiyo hiyo.

Shemeji akaondoka kwenda kutafuta gari. Mama hakuondoka. Akaketi kwenye kigogo, mfuko mapajani, akatazama mbao zikikatwa. Mama Koku, ndivyo alivyojitambulisha. Nilimpelekea maji ya kunywa, akashika kikombe bila kunywa.

Mbao zilikuwa za paini, na zilikuwa mbichi kidogo, zinatoa utomvu. Zikapita namba sitini, zikapita themanini. Baba akazungusha msasa mpya wa mia na ishirini kwenye rola, na haukupita hata ubao mzima kabla haujajaa. Mstari mweusi ukatokea.

"Laba," baba akasema bila kugeuka.

Soli yangu ya mwisho ilikuwa imeisha juzi yake, imebaki kijipande cha ukubwa wa sabuni ya hotelini. Kabla sijasema lolote Masanja akasema, "Ipo, mzee, ipo," akavua kandambili aliyokuwa amevaa. Naomba msimcheke. Kandambili za zamani zilikuwa za mpira wa kweli, zilifanya kazi ile vizuri tu. Zake alizinunua mwezi ule, mpya, za bei ndogo kutoka nje, rangi ya bluu nzuri, na kwa macho usingeona tofauti. Akaigandamiza kwenye rola. Ilikuwa plastiki. Iliyeyuka palepale, ikajipaka kwenye msasa kama lami, ikatoa moshi, na kabla baba hajafika kwenye swichi msasa mpya ulikuwa umevaa koti la bluu kutoka mwisho hadi mwisho.

Mashine ikanyamaza. Masanja akabaki na mguu mmoja mtupu.

"Mzee, nilijua ni raba," akasema.

"Nimeona," baba akasema. Hakumgombeza. Alitazama ukutani, ambako kwenye msumari kulikuwa na msasa mwingine wa namba ileile, wa zamani, uliojaa utomvu mpaka umeng'aa. Huo tu ndio uliokuwa umebaki, na mpira wa kuusafishia hatukuwa nao.

Hapo ndipo shemeji aliporudi na pikapu. Akaelezwa. Akapitisha kiganja juu ya ubao, akasema, "Mbona huu uko sawa? Nje mtapaka vanishi. Ndani si mnaweka kitambaa? Nani ataona?"

"Yeye," Mama Koku akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu alipotaja jina lake. Shemeji akageuka.

"Shemeji, tusianze tena."

"Sianzi kitu. Ninyi mlikuwa mnakuja Jumapili, mnasimama mlangoni. Miezi ile ya mwisho ngozi yake haikuvumilia hata shuka lenye mshono. Nilikuwa nafumua mishono. Nafua kanga mpaka zinakuwa kama majani ya mgomba mchanga, ndiyo namlaza. Sasa leo nimlaze juu ya hii?" Akanyoosha mkono, akagusa ubao kwa upande wa ndani wa mkono, pale penye mishipa, palipo laini. Nilishangaa kwamba alijua pa kugusia. "Hii inakwaruza."

"Mama, kaka amekufa," shemeji akasema. Alisema taratibu, na sauti ikamkatika kidogo mwishoni. "Haumii tena. Na meli haitatusubiri."

Mimi nilikuwa upande wa mama moja kwa moja. Kwa akili yangu ya wakati ule yule marehemu angelala pale akiwa anasikia kila kibanzi, njia yote mpaka Bukoba, na meli inayumba. Nilitaka kulia. Nilimtazama baba, na baba alikuwa anautazama ule msasa wa ukutani.

Mama Koku akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na suruali iliyopigwa pasi, shati jeupe, tai, na chini kabisa jozi ya viatu vya kahawia, nguo za kumvalisha. Akatoa kiatu kimoja, akakigeuza. Soli yake ilikuwa nene, rangi ya asali.

"Baba Kabula," akasema, maana alikuwa ameshasikia nikiitwa, "huo mpira mnaoutafuta ni kama huu?"

Baba akakipokea kwa mikono miwili. Akaubonyeza mpira kwa ukucha. "Ndiyo wenyewe, mama. Lakini utaliwa."

"Uliwe."

"Tutamzika na kiatu kibovu?" shemeji akauliza. "Watu watasema nini kule?"

"Watu hawatamgeuza nyayo, shemeji."

Baba akafungua ule msasa wa bluu kwenye rola, akafunga wa zamani, akaukaza, akauzungushia mkono kuhakikisha haupandani, maana palipopandana huacha alama. Halafu akafanya kitu ambacho hakuwa amefanya hata siku moja. Hakuniita mimi. Akamrudishia mama kile kiatu.

"Kabula, mwonyeshe."

Nikamwonyesha. Nilisimama kando yake, nikashika kiwiko chake, nikamwambia asigandamize, aguse tu, rola lenyewe litachukua, aanzie kushoto, akifika mwisho ainue, asirudi nyuma. Baba akawasha. Kiatu kilipogusa mara ya kwanza mama akakivuta nyuma, kisha akakigusisha tena. Ile harufu ikapanda. Chembe za mpira zikawa zinaanguka juu ya miguu yetu, nyeusi kwa utomvu. Akafika mwisho, akainua, akaanza tena kushoto. Vumbi likamkaa kwenye kope. Sikujua kama analia au ni vumbi, na nadhani alilipenda lile vumbi kwa sababu hiyo.

Alikuwa anazungumza, si kwa nguvu, na mashine ilikuwa inanguruma, kwa hiyo niliyesikia ni mimi niliyekuwa kwenye kiwiko.

"Jana wamemwogesha wao," alisema. "Mimi nimewekwa nje na wanawake. Mwaka mzima namwogesha mimi, jana nikaambiwa kaa nje."

Nikamwambia, kwa sababu ndicho nilichokijua, "Mama, sasa sogea kulia."

Akasogea kulia. Aliendelea mpaka soli ikawa imelika upande mmoja, na msasa ukaanza kuonyesha rangi yake hapa na pale. Baba hakumwambia inatosha. Masanja alifungua mdomo kusema, baba akamkanya kwa jicho. Ni mama mwenyewe aliyeinua kiatu, akakitazama, akarudi nyuma.

Mbao za ndani zikapita. Ule wa mgongoni kwanza, kisha wa ubavuni. Nililaza shavu langu juu ya ubao wa mgongoni nikateleza mpaka mwisho, nikasema uko tayari. Mama Koku akainama, akalaza la kwake. Hakuteleza. Alikaa pale, amefumba macho, na sisi wote tukatafuta kitu kingine cha kutazama. Shemeji alikwenda kwenye pikapu, akarudi na leso, akakiokota kile kiatu kilichokuwa chini, akakifuta vumbi polepole, ncha mpaka kisigino, akakirudisha kwenye mfuko karibu na mwenzake.

Umeme ulikatika kifuniko kikiwa bado. Baba na Masanja wakakimaliza kwa mkono, wakapigilia, wakaweka kitambaa cheupe. Jioni pikapu ikateremka kuchukua mwili hospitalini, kisha bandarini, na mama yule akiwa nyuma, mkono wake mmoja ndani ya jeneza tupu.

Sikumwona tena. Kwa muda mrefu niliisimulia habari hii shuleni kama habari ya Masanja na kandambili, na watoto walicheka sana, na mimi nilicheka nao. Ile sehemu nyingine niliiacha kwa sababu sikujua ni habari ya nini.

Baada ya majuma machache nilitoka shule nikamkuta baba ameinama kwenye karai. Ndani ya karai kulikuwa na mafuta ya taa, na ndani ya mafuta ya taa ulilala ule msasa wa zamani, ambao ulikuwa umejaa tena. Aliuloweka, akausugua kwa brashi ngumu, akautundika. Utomvu ulitoka wote. Ulikuwa msafi kuliko siku yoyote niliyowahi kuusafisha kwa soli. Nilipoutazama vizuri niligundua kwamba mpira hauondoi utomvu uliokauka, unaondoa vumbi tu na kugusa gusa juu. Kazi yote ilikuwa imechukua muda wa kuchemsha chai.

"Baba," nikamwuliza, "siku ya yule mama hatukuwa na mafuta ya taa?"

"Yalikuwepo."

"Sasa mbona hukutumia?"

Alikung'uta brashi. "Haikuwa kazi yangu, Kabula."

Nikaona ni jibu la wakubwa, la kukufukuza. Nikaenda kucheza.

Mimi sasa nimezika mtu niliyemuuguza mwenyewe. Nimekaa uani na wanawake huku mlango umefungwa na watu wengine wako ndani wanafanya yale ambayo mikono yangu ilikuwa inayajua vizuri zaidi. Nimejua jinsi mikono inavyokuwa mizito siku hiyo, huna pa kuiweka, unaishia kukunja kanga na kuikunjua. Na ndipo, kwenye jamvi, katikati ya watu wanaoimba, nilimwona baba vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa na saa chache, umeme unakaribia kukatika, mteja anamhimiza, na dawa ya haraka, yale mafuta ya taa, iko kwenye dumu nyuma yake. Baba yangu ambaye hakuwahi kumruhusu mtu mzima yeyote kugusa rola lake, isipokuwa Masanja, naye kwa shingo upande, alimpa yule mama kiatu, akawasha mashine, akarudi nyuma hatua kadhaa mpaka ukutani, akasimama pale kama mteja aliyekuja kusubiri kitu chake.